Mwanamke wa Chuma Mgongoni mwa Mlima

Tarehe 4, mwezi wa pili

Mke mwenzangu,

Sisi wazima. Mume wetu anakohoa lakini anakula, na mtu anayekula hajafika pa kuliliwa. Nakuandikia mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo usizicheke herufi. Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka hamsini na sita, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu. Habari za simu usinitajie. Huku bondeni lazima upande juu ya tangi la maji ndipo upate mtandao, na mimi sipandi tangi ili nikuulize umekula nini.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Juzi alikuja Kigogo, yule mkuu wa wapagazi, aliyenifuata nyuma njiani miaka yote na mpaka leo anawaambia watu alikuwa mbele. Anasema ofisi ya mlima inataka kuweka sanamu. Si kwenye kituo cha basi, ambako watu wamekaa tu na wana muda wa kutazama vitu. Juu! Kwenye mgongo wa mlima, pale njia inapotoka msituni na upepo unakupiga kofi la kwanza. Sanamu ya chuma, urefu wa watu watatu.

Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Sanaa, dada. Kwa ajili ya wageni."

Wageni wanatoka huko kwao kuja kuona mlima, halafu tunawawekea chuma mbele ya mlima. Ni kama kumwita mtu kula halafu unaikalia sahani.

Sheria yetu wapagazi unaijua. Kilichopanda mgongoni hushuka mgongoni. Kopo, chupa, kamba iliyokatika, hata ganda la yai. Miaka thelathini na moja nimebeba mizigo ya watu kwenda kibanda cha juu, na sikuacha hata uzi. Leo ofisi inataka kuacha jitu zima!

Wewe uko huko mjini na mafundi chuma wenzako. Niulizie ni mpumbavu gani huyo aliyelichora. Nataka kujua kama ana bibi. Mtu mwenye bibi hafanyi jambo kama hilo.

Bibi yako


Tarehe 15, mwezi wa pili

Bibi, shikamoo,

Barua imefika na alama ya kidole chenye mafuta ya taa, nikajua ni wewe kweli.

Mimi sijambo. Karakana ni ileile, nyuma ya mziba pancha. Yeye anagonga matairi, mimi nachomelea, na mwenye nyumba juu anagonga sakafu kwa ufagio ili sote tunyamaze. Macho yangu ni mazima, naivaa miwani, usianze.

Kuhusu hiyo sanamu, nimeulizia. Wanasema fundi ni mwanamke, bado kijana, na si mtu mbaya. Nasikia hii ndiyo kazi yake kubwa ya kwanza. Miaka sita ametengeneza mageti na madirisha ya watu, na hakuna anayesimama barabarani kulitazama geti. Nasikia pia kwamba bibi anaye.

Bibi, labda ungeuona mchoro kwanza. Huenda ni kitu kizuri. Mtu akitembea saa nne msituni akatokea pale, akakuta kuna mtu amekumbukwa, kuna ubaya gani?

Mwambie babu dawa ya kikohozi nimempa dereva wa lori la mboga.

Cheche


Tarehe 27, mwezi wa pili

Mke mwenzangu,

Dawa imefika. Mume wetu ameinywa kama juisi, nimeificha.

Mchoro nimeuona. Nilitembea mpaka ofisi ya mlima, karani akanionyesha kwenye ubao wa matangazo. Huyu karani ni kijana mwenye kola safi, anaongea na wazee kwa sauti ya juu kana kwamba sote masikio yameoza. "BIBI, HII NI SANAMU YA MPAGAZI." Nikamwambia, macho ninayo, na masikio pia ninayo, yapumzishe.

Ni mwanamke. Amesimama, mzigo mgongoni, anatazama chini bondeni. Uso hauonekani vizuri. Mguu mmoja mbele.

Fundi wenu huyo hajui kubeba. Kamba ya kifuani ameifunga fundo upande wa kushoto, na wapagazi wa hapa wote hufunga kulia. Mwambie. Nani alimfundisha? Na anaweza vipi kuchora kitu asichokijua akakipandisha mahali ambapo sisi tunaojua tutakitazama kila siku?

Umeniuliza kuna ubaya gani. Nikujibu. Ukibeba kilo ishirini hutazami kitu ila visigino vya aliye mbele. Unaona visigino, mizizi, visigino, matope. Unapofika mgongoni unatua mzigo, unainua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna mtu amekutangulia kukwambia utazame nini. Unatazama unachotaka, au hutazami kitu. Mimi nilikuwa mtu wa kutumwa tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Pale ndipo mahali pekee ambapo sikuwa natumwa hata na macho yangu. Ubaya ndio huo.

Mkutano wa bonde ni tarehe ishirini mwezi ujao, watu watainua mikono. Ofisi imesema bonde likikataa, haijengwi. Mimi nitasema.

Bibi yako


Tarehe 9, mwezi wa tatu

Bibi, shikamoo,

Labda fundi alimwona mtu mmoja akifunga hivyo na akadhani ndivyo ilivyo.

Nikuulize na mimi. Unakumbuka ukuta wa kibanda cha juu? Ulinipeleka nikiwa na miaka kumi na miwili. Umejaa picha tangu chini mpaka kwenye dari. Wa kwanza kufika kileleni, mzee kuliko wote kufika kileleni, aliyefika na mbwa. Hata mbwa ana picha, bibi, na jina lake liko chini kwa kalamu nyekundu! Nilitafuta picha yako. Ulikuwa umebeba jiko la kibanda hicho, umebeba vitanda, umeubeba huo mlango wenyewe. Nikakuuliza mbona wewe humo. Ukaniambia nisikuchafulie sakafu kwa viatu.

Mlima umejaa majina ya waliobebewa. Mtu akitaka kumweka aliyebeba, ndipo tunakumbuka kwamba mlima hauwekwi kitu?

Cheche


Tarehe 18, mwezi wa tatu

Bibi,

Hukunijibu, na mkutano ni keshokutwa. Naandika haraka, dereva ananipigia honi.

Fundi ni mimi. Mchoro ni wangu. Niliwashinda wenzangu kumi na saba na nikaogopa kukwambia, kwa sababu nilitaka uipende kwanza kabla hujajua ni ya nani. Nimekosea. Ningekwambia siku ya kwanza.

Mwanamke yule ni wewe.

Sikuombi uinue mkono. Naomba usiseme kwanza mpaka tuonane. Nikikosa hii narudi kwenye mageti, na sijui kama nitapata nyingine.

Cheche wako


Tarehe 22, mwezi wa tatu

Mke mwenzangu,

Lori lilivunjika ekseli. Barua yako ya kuungama imefika jana, siku moja baada ya mkutano. Nimeisema sanamu yako mbele ya bonde zima, na nimeiangusha.

Lakini usidhani kwamba barua ingefika mapema ningenyamaza. Nilijua. Nilijua tangu siku ile ya ubao. Bonde hili zima anayefunga mzigo kwa mkono wa kushoto ni mmoja, na ndiye anayekuandikia. Ulipokuwa na miaka minne nilikuwa nakufunga mgongoni kwa kamba hiyohiyo, na ulikuwa unapitisha kidole ndani ya fundo mpaka usingizi unakuchukua. Sikukwambia kwa sababu na wewe hukuniambia. Tena ningekiri kwamba najua, ningeogopa kusema lililo moyoni. Nikajifanya mjinga. Mjinga husema anachotaka.

Karani alisema, "Bibi, sanamu hii inawaheshimu ninyi wapagazi." Nikamwambia akitaka kuniheshimu ajenge choo pale njia panda, maana miaka thelathini na moja wanawake tumejificha nyuma ya jiwe moja na jiwe lenyewe limechoka. Watu wakacheka. Kisha nikasema sheria yetu, kilichopanda hushuka. Mikono ishirini na sita ikakataa, tisa ikakubali. Katika hiyo tisa mmoja ni wa mume wetu. Sijaongea naye kwa siku mbili, na amefurahi sana.

Sasa nikujibu la picha. Simo ukutani kwa sababu sikupanda nikae. Nilipanda nikashuka, ndiyo maana nina watoto na wajukuu. Wewe unanipenda, najua. Lakini umenichora nimesimama kule juu milele, mvua na jua, na mzigo mgongoni. Hata kunitua hukunitua.

Bibi yako


Tarehe 2, mwezi wa nne

Bibi,

Barua nimepata. Chuma nimekifunika turubai. Wiki hii nina mageti mawili na dirisha la duka la dawa.

Nisalimie babu.

Mjukuu wako


Tarehe 11, mwezi wa tano

Mke mwenzangu,

Kimya chako nimekisikia, si lazima ukirefushe.

Hapa hakuna jipya. Kuku wa madoa ameacha kutaga, namtazama, naye ananitazama, mmoja wetu atakwenda chunguni na si mimi. Choo cha njia panda wameanza kuchimba. Kigogo anasema wazo lilikuwa lake.

Nasikia huko mjini mvua ni nyingi. Paa la karakana linavuja? Nauliza tu. Chuma kikikaa majini kinashika kutu hata kikiwa chini ya turubai, turubai zenyewe za siku hizi ni kama karatasi. Ni maarifa tu nakupa.

Karani anautafuta mchoro wa sanamu, umepotea ubaoni. Watu wamekuwa wezi siku hizi.

Bibi yako

*Mjukuu wangu, ni mimi babu yako. Nimepewa bahasha niipeleke kwenye lori, nimeifungua kwa mvuke wa birika, naifunga tena. Mchoro uko nyuma ya kabati, umezungushiwa shuka lake la wageni. Mchana akidhani nimesinzia anautoa. Jana aliusogeza dirishani kwenye mwanga akaukazia macho mpaka maharagwe yakaungua. Akasema peke yake, "Kifundo cha mguu amekikosea huyu mtoto." Nimekula maharagwe yaliyoungua bila kuuliza neno. Mwandikie.*


Tarehe 20, mwezi wa tano

Bibi, shikamoo,

Paa halivuji.

Nina maswali mawili. La kwanza, mpagazi anapaswa kubeba kilo ngapi, si kwa karatasi za ofisi, kwa kweli? La pili, kifundo cha mguu nimekikosea wapi?

Cheche


Tarehe 28, mwezi wa tano

Mke mwenzangu,

Mume wetu ana mdomo kama mlango usio na komeo. Nimemwambia birika ni la chai.

Kilo ishirini. Anayekwambia ishirini na tano ni mwongo au punda.

Kifundo: mtu aliyebeba hasimami na mguu umenyooka hivyo kama askari wa gwaride. Uzito ukiwa mgongoni kifundo huingia ndani kidogo, na kidole gumba ndicho kinachoshika ardhi. Vua kiatu, jibebeshe gunia la mchanga, simama mbele ya kioo. Unachora watu bila kubeba.

Mbona unauliza kilo?

Bibi yako


Tarehe 6, mwezi wa sita

Bibi, shikamoo,

Nimebeba gunia la mchanga. Mziba pancha ameniuliza kama nimekosana na mtu. Kifundo kinaingia ndani, ni kweli, na siku ya tatu goti langu lilikuwa linalia kama bawaba.

Wiki mbili nilikukasirikia. Wiki ya tatu nilitoa turubai nikamtazama, nikaona ulichokisema. Nimechoka mimi mwenyewe kumwona amesimama.

Kwa hiyo nimemkata. Vipande arobaini, hakuna kinachozidi kilo ishirini, vyote vinaungwa kwa bolti. Hakuna zege, hakuna shimo, anakaa juu ya mwamba kwa uzito wake. Mzigo nimemtua. Sasa ameukalia, miguu ameinyoosha, kamba iko begani imelegea. Atapanda migongoni mwa watu mwezi wa saba mvua zikikatika, na mwezi wa kumi na moja atashuka migongoni mwa watu. Hatabaki hata msumari. Ofisi imesema inakubali kama bonde litakubali.

Nakuomba ruhusa. Sasa siiombi kama fundi aliyejificha. Naiomba kama mimi.

Cheche


Tarehe 16, mwezi wa sita

Mke mwenzangu,

Nimeisoma barua yako mara nne, mara mbili kwa miwani ya mume wetu.

Bado nasema mlima hauhitaji kitu. Kwa hilo sijageuka na sitageuka, usije ukawaambia watu bibi yangu amelainika. Lakini kitu kinachojua siku yake ya kuondoka ni mgeni, na mgeni hafukuzwi mlangoni. Nimekwenda kwenye mkutano nikasema hivyo. Kigogo akasema, "Si wewe uliyekataa?" Nikamwambia nilikataa mpangaji, mgeni sikumkataa. Mikono thelathini na moja imekubali.

Nina sharti. Uje mwenyewe, na ubebe kipande chako kama wengine. Na viatu uje na vilivyokwisha kuvaliwa. Viatu vipya vitakuua.

Bibi yako


Tarehe 12, mwezi wa saba. Mgongoni mwa mlima

Bibi,

Nakutumia karatasi hii na mpagazi anayeshuka. Ulisimama mlangoni jana ukatuona tukiondoka, sasa sikia kilichotokea.

Nilikuwa nimepanga vipande kwa namba, miguu kwanza, kichwa mwisho. Kumbe kwenu mpangilio ni mwingine. Mzigo mwepesi hupewa mzee, na mzee huondoka kwanza ili asikimbizwe. Kipande chepesi kuliko vyote ni kichwa, kwa sababu kina uwazi ndani. Kwa hiyo Kigogo kakibeba kichwa na kuondoka asubuhi na mapema, akakiweka mahali pake juu ya mwamba, akakiegemeza kwa mawe kisitikisike. Miguu iko kwa vijana wa nyuma, na vijana wa nyuma wamezuiwa na mto, maji yamejaa na mwenye mzigo havuki. Watavuka keshokutwa.

Nimekaa hapa na kichwa. Hakitaki mtu akae mbele yake.

Cheche


Tarehe 12, mwezi wa saba, jioni

Wewe mtoto,

Nimekiona! Nilifungua mlango kuwamwagia kuku maji, nikainua macho, nikaona kitu kama punje ya pilipili juu ya mgongo. Mume wetu akaleta darubini ya wageni aliyoiokota mwaka ule akasema si ya mtu. Nikatazama. Ni mimi! Kichwa, bila shingo, bila mwili, kimekaa mlimani kinalitazama bonde kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Wanawake wote wa huku wamekuja kuazima darubini. Mmoja amesema, "Angalau sasa ukitutazama toka juu una sababu."

Leteni miguu upesi. Siwezi kwenda kisimani.

Bibi yako


Tarehe 3, mwezi wa kumi

Mke mwenzangu,

Tangu uondoke sijakuandikia habari zake, umeona. Nilikuwa nangoja nimchoke.

Watu wanapanda. Wanatua mizigo yao karibu na wake, wanakaa, wanavua viatu. Kigogo anasema wapagazi wageni, wale vijana wasionijua, wanamwita Mama Pumzika. Wakifika pale hawaulizi tena kama wanaruhusiwa kukaa, wanakaa, na mwenye msafara anangoja. Hilo halijawahi kutokea enzi zetu. Tulikuwa tunapumzika tukiwa wima.

Jana karani amekuja hapa nyumbani na karatasi. Ofisi inataka sanamu ibaki moja kwa moja. Wataishika kwa zege, wataweka kibao cha maelezo na uzio mdogo. Na jina lako litachongwa pale, la ukweli, lile la cheti. Safari hii aliongea kwa sauti ya kawaida, nikajua anataka kitu. Anasema nikikubali mimi, bonde litakubali.

Nimemwambia sanamu ina mwenyewe, akamuulize.

Sasa nikuambie la kweli, ulishike wewe tu. Nimeanza kumpenda. Asubuhi nafungua mlango namtafuta. Kukiwa na ukungu nakaa pale kizingitini mpaka utoke. Kwa hiyo katika jambo hili usinisikilize, mimi si shahidi mzuri tena. Ni kazi yako na jina lako, na najua umelingoja jina hilo miaka sita ukiwa nyuma ya mageti ya watu. Ukisema ibaki, sitasimama mkutanoni. Sitakununia hata kidogo, au nitakununia kidogo.

Bibi yako


Tarehe 14, mwezi wa kumi

Bibi, shikamoo,

Karani alinifikia kabla ya barua yako. Alikaa kwenye tairi la mziba pancha na kola yake safi, akanitolea karatasi. Nilikuwa na kalamu mkononi, bibi. Sitakuficha. Niliandika herufi ya kwanza ya jina langu.

Nikamuuliza, uzio wa nini? Akasema ili watu wasimkalie karibu wakamharibu.

Nimeikata ile herufi. Niliwaambia wapagazi wote kwamba atashuka, na wao walimpandisha kwa neno hilo. Nakuja tarehe mbili mwezi wa kumi na moja na spana zangu. Kuna bonde jingine mbali huko lenye mlima na wapagazi wake, wameandika kuuliza kama anaweza kwenda kwao msimu mmoja. Nimewajibu nikiwauliza kwanza mpagazi wao hubeba kilo ngapi.

Nimelia kidogo, nikamaliza dirisha la mteja.

Cheche


Tarehe 19, mwezi wa kumi na moja

Mke mwenzangu,

Tangu lori liondoke na vipande vyako ni siku kumi. Mume wetu anakusalimu, anasema mgongo bado unamuuma kwa kile kibati kimoja alichokibeba kutoka uani mpaka barabarani, hatua hamsini, na amewasimulia watu kana kwamba aliushusha mlima wote.

Nilikwenda mpaka juu. Hukuniona kwa sababu nilikwenda baada yako, juzi, pole pole, na mtoto wa jirani yetu yule msusi, mwanamke mkubwa mwenye subira. Saa nne zangu zilikuwa saa saba. Nilikagua. Nilipiga magoti pale kwenye mwamba nikapapasa kwa mkono, nikatafuta bolti, nati, hata vumbi la chuma. Hakuna kitu. Kazi yako ni safi. Kwa maisha yangu yote ya kubeba hilo ndilo neno kubwa ninaloweza kumwambia mtu, kwa hiyo lipokee.

Kisha nikakaa pale, mahali alipokuwa ameketi.

Nikuambie nilichokiona, halafu nikapike. Nimeishi chini ya mlima huu miaka sabini na tatu na nilikuwa siuangalii. Nilikuwa nautazama kama mke anavyomtazama mume wa siku nyingi, kuhakikisha tu kwamba yupo. Miezi minne nimekuwa nikifungua mlango na kuinua macho kumtafuta yule wako wa chuma, na macho yamezoea. Sasa hayupo, na macho bado yanainuka yenyewe. Leo asubuhi nimefungua mlango, yakainuka, na pale juu kulikuwa na mgongo mtupu wa mlima, na mwanga ulikuwa unaanza kushuka upande wa mashariki, jiwe hadi jiwe, polepole kama mtu mwenye mzigo. Nimesimama hapo na ndoo mkononi mpaka kuku wakaanza kunidonoa miguu.

Bibi yako